Dhahabu ya Turin na Karani wa Nairobi

Miongoni mwa filamu za Kiingereza zinazosimulia wizi mkubwa, The Italian Job ya mwaka 1969 ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Charlie Croker, mhusika anayeigizwa na Michael Caine, anatoka jela na kuongoza genge la kuiba dhahabu ya dola milioni 4 jijini Turin, Italia. Genge linavuruga kompyuta inayoongoza magari, jiji zima linakwama, na vigari vitatu, chekundu, cheupe na cha buluu, vinapenya ngazini na mitaroni vikiwa vimesheheni dhahabu. Mimi mkaazi wa Kangemi, ambaye foleni ya Barabara ya Waiyaki nimeizoea kama kivuli changu, nilicheka hadi machozi yakanitoka.

Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi hana budi kujiuliza: kwa nini hadhira humshangilia mwizi? Wapo watakaosema kwamba Croker ni ndugu yake Sungura na Abunuwasi, mnyonge anayemcheza shere mwenye nguvu. Mimi sikubaliani nao. Sungura hana mfadhili. Croker anaye Bwana Bridger, mfungwa anayenyenyekewa gerezani kama mfalme. Aidha, tunacheka kwa wepesi kwa sababu aliyeibiwa hana jina wala uso.

Nairobi nayo ina kisa chake cha dhahabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Goldenberg International ililipwa na serikali fidia ya asilimia 35 kwa madini yaliyodaiwa kuuzwa ng'ambo, ilhali sheria iliruhusu asilimia 20. Tume ya Jaji Samuel Bosire, iliyoteuliwa mwaka 2003, ilibaini kwamba sehemu kubwa ya biashara hiyo ilikuwa ya uongo. Wezi wa Turin walihitaji magari ya kubebea dhahabu. Hapa kwetu karatasi zilitosha.

Karatasi hizo zilipitia mikononi mwa mhusika ambaye filamu haina: karani. David Munyakei wa Benki Kuu aliziona, akazitoa hadharani. Alikamatwa mwaka 1993, akapoteza kazi, na mwaka 2006 akafariki katika ufukara. Nipitapo Barabara ya Haile Selassie, mbele ya jengo la benki hiyo, ni yeye ninayemkumbuka, wala si matajiri.

Filamu inakomea pale basi la wezi linaponing'inia ukingoni mwa genge la mlima, dhahabu nyuma, watu mbele. Atakayeisogelea dhahabu atawaangamiza wote. Wahakiki huusifu mwisho huo kwa taharuki yake. Lakini katika basi lile kila abiria ni mwizi. Katika basi letu, wengi walikuwa wamelipa nauli. Natamani mtunzi mmoja wa Kiswahili amwandikie karani yule riwaya inayomstahili, nasi wasomaji tujifunze kumshangilia yeye.