Kutoka Forodhani Hadi Ng'ambo

Nimezaliwa na kukulia Ng'ambo ya mji wa Unguja, na riziki yangu yote nimeitafuta upande wa pili wa barabara, ndani ya Mji Mkongwe, nikitembeza wageni kwa miguu. Nilipoanza, miaka ya tisini, wanawake katika kazi hii walikuwa wa kuhesabika. Majirani walimuuliza mama mtoto wa kike anafuata nini Forodhani kutwa nzima na wageni asiowajua. Mama akawajibu kwamba nafuata kazi, yakaisha. Mimi akanipa wosia mmoja: "Mwanangu, usiwadanganye. Wakirudi kwao watasimulia, na jina litakaloharibika ni la Unguja."

Waliotutangulia walitufundisha njia moja. Unawapokea wageni Forodhani saa tatu asubuhi, jua halijawa kali. Unawaonyesha Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, unaingia Shangani, unakata vichochoro hadi Mkunazini, unawamaliza Darajani sokoni wakanunue viungo. Unatembea upande wa kivuli. Vespa ikipiga honi nyuma yenu, unawapandisha wote barazani ipite. Mji huu haukujengwa kwa ajili ya gari, na mtu asiyeutembea kwa miguu hauoni: mlango ulionakshiwa uko hatua mbili mbele ya uso wako, na sauti ya mtu anayefanya mazoezi ya udi ghorofani inakufikia kwa kuwa kuta mbili zimekaribiana mno.

Sauti hizo ndizo zilizonibadilisha. Tarehe za majumba nilizisoma vitabuni kama wenzangu, lakini muziki niliujua kutoka nyumbani, na kidogo kidogo nikaanza kuyaeleza majumba kwa njia ya muziki.

Taarab naanza kuieleza mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Inasimuliwa kwamba Barghash aliupenda sana muziki wa Misri, akamtuma Mohamed Ibrahim aende Cairo kujifunza kanuni, ala ya nyuzi, naye aliporudi akawafundisha wengine. Mwaka 1905 kikaundwa Ikhwani Safaa, kikundi ambacho kipo mpaka leo. Nyimbo za mwanzo zilikuwa za Kiarabu, na waliozisikiliza walikuwa wenye majumba haya. Desemba 2020 sehemu ya jumba iliporomoka. Mimi niliyepita chini ya baraza zake karibu kila siku nililia kama aliyefiwa. Tangu hapo nawasimamisha wageni upande wa bustani, nikiwaeleza kwamba jengo linaweza kuanguka na walichokiimba watu ndani yake kikaendelea kuimbwa.

Ngome Kongwe iko jirani. Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno, na kuta zake zimewahi kufunga watu. Leo ndani yake pana jukwaa, na tangu mwaka 2004 ndipo penye tamasha la Sauti za Busara, mwezi wa Februari. Wiki hiyo kazi yangu hubadilika: mchana natembeza, usiku naingia ngomeni na wageni walewale kusikiliza wanamuziki kutoka Afrika nzima.

Ukifuata ufukwe kuelekea bandarini unafika Forodha Kongwe. Kwa miaka mingi ghorofani humo kilikuwamo chuo cha muziki kilichoanzishwa mwaka 2002, Dhow Countries Music Academy, na hapo ndipo nilipoiona kanuni kwa karibu. Mwalimu aliipakata mapajani. Nyuzi zimepangwa tatu tatu, kila tatu kwa sauti moja, na upande wa kulia daraja la nyuzi limekalia ngozi ya samaki. Kwenye vidole vya shahada huvaliwa pete, na kati ya pete na kidole huchomekwa kijiti cha kudonolea nyuzi. Mkono wa kushoto huchopoka katikati ya wimbo, ukageuza vibanzi vidogo vya chuma pembeni, sauti ikapanda au kushuka kidogo, kisha ukarudi nyuzini bila msikilizaji kujua kuwa uliondoka. Mwalimu alimwambia mwanafunzi wake, msichana mdogo wa skuli: "Nusu ya saa ya kwanza ni ya kuipatanisha. Usiionee uvivu." Maneno hayo nimewaambia wageni wengi wanaotaka kuumaliza mji wetu baina ya chai na chakula cha mchana.

Shangani wananiuliza Freddie Mercury. Ni haki yao. Alizaliwa hapa mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Nawapeleka kwenye makumbusho yake, barabara ya Kenyatta, na kwa wengi hicho ndicho kituo cha furaha kuliko vyote. Nami nafurahi nao, ila siwaachi wadhani kwamba muziki wa hapa unaanza na kuishia kwake. Vuga si mbali, na Vuga ndiko waliko Culture Musical Club. Jioni fidla, akodiani na dumbaki zikianza mazoezi, unaweza kusimama nje ukapata darasa zima. Wengi wa wanaopiga wana kazi nyingine za mchana. Muziki kwao ni wajibu wanaouhudumia baada ya kazi.

Mkunazini nanyamaza zaidi kuliko ninavyosema. Kanisa la Waanglikana limesimama palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na nje kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo. Zamani tulikuwa tukitoka hapo tukaenda sokoni, ziara ikaisha. Lakini mgeni akitoka kanisani ana swali kooni: watu wale walikwenda wapi? Jibu liko upande wa pili wa barabara. Wengi waliopata uhuru wao, na watoto wao, walijenga vibanda vya udongo na makuti kuvuka mkono wa bahari ulioitenga Ng'ambo na majumba ya mawe. Maji yale yalifukiwa zamani, na leo juu yake inapita barabara tunayoiita Creek mpaka kesho, ingawa imepewa jina la Benjamin Mkapa.

Basi nikaanza kuvuka. Baadhi ya wenzangu walinishangaa. Walisema hakuna cha kuonyesha kule, hakuna mlango wala kasri. Nikawaambia yupo Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, wazazi wake wakiwa watumwa. Alikuwa akibeba vyungu alivyofinyanga mama yake, akitembea navyo kwa miguu na kuvinadi, watu wakaisikia sauti kabla ya kukiona chungu. Alipohamia mjini alikaa Ng'ambo, akafunzwa na mtu wa Ikhwani Safaa, akaichukua taarab ya kasri akaiimba kwa Kiswahili, katika mambo ya watu wake: wivu, umaskini, hukumu za mahakama zisizo na haki. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo zikalipeleka jina lake pwani nzima. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Nikisimama Ng'ambo nikayasema haya kwa wageni waliotoka dakika chache tu zilizopita kwenye shimo la Mkunazini, sihitaji kasri. Wanaelewa wenyewe kwamba binti wa watumwa ndiye aliyeupa mji huu sauti.

Bi Kidude naye, Fatuma binti Baraka, alitoka katika mkondo huohuo. Kabla ya kufariki mwaka 2013 alikwisha kuzunguka dunia na nyimbo hizo, na bado akawa somo wa unyago, mwenye ngoma yake na mafunzo yake kwa mabinti.

Huku Ng'ambo ndiko liliko jambo ambalo hakuna tiketi yake. Ikiwa pana harusi, nami nimeomba ruhusa kwa wenye shughuli, huwaingiza wageni wanawake kwenye muziki wa kidumbaki. Anayepiga sanduku hulifunika chini. Juu yake umesimamishwa mti uliofungwa uzi mmoja mnene. Huuvuta mti kwa mkono mmoja ili uzi ukaze, na kwa mwingine huudonoa, ikatoka sauti nzito unayoisikia kifuani. Vidumbaki viwili vya udongo hujibizana, mkwasa unagongwa, cherewa zinatikiswa, fidla inapanda juu yake yote, na wanawake wameingia katikati kucheza. Mara ya kwanza nilipompeleka mgeni, shangazi yangu alimshika mkono akamwambia kwa Kiswahili, "Haya mwanangu, kaa, hapa ni kwenu." Mimi nikatafsiri, ingawa yule mama alikwisha kukaa.

Siku hizi nafundisha vijana wanaoomba vitambulisho vya kutembeza wageni, na nawafundisha njia ndefu. Nawaambia wasiufupishe mji kuwa mlango na viungo. Na nawaambia jambo la pesa waziwazi. Mgeni hulipa kiingilio cha makumbusho bila kuuliza, lakini wanaopiga udi jioni baada ya kazi huwasikiliza dirishani bure. Katika taarab yetu mtu akiguswa na ubeti huinuka, akamwendea mwimbaji taratibu na kumtuza noti. Mfundisheni mgeni kutuza. Mwambieni kikundi hiki kinahitaji nyuzi, na yule binti wa kanuni anahitaji ada. Mpelekeni kwenye onyesho la usiku, alipe mlangoni kama alivyolipa kwingine. Majumba yana mashirika na serikali za kuyapigania, na ni sawa yapiganiwe. Wanamuziki wana miguu yetu sisi tunaowapelekea watu, kwa hiyo tuwapeleke, na tusiishie Darajani.