Isongole, Baridi Kali na Penalti ya Aziz Ki

Mpenzi msomaji, kama hujawahi kulala Isongole mwezi wa nne, usije ukanisimulia habari za baridi. Mimi mtoto wa Dar nilishuka pale nikiwa na shati la mikono mifupi na raba nyeupe. Loh! Konda alinicheka waziwazi.

Isongole ipo wilayani Rungwe, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Ukitoka Uyole unapita Igawilo, halafu gari linaanza kupanda na kukunja kona, masikio yanaziba, na ukungu unaingia hadi dirishani. Ukishafika Kiwira ujue umepitiliza. Mlima Rungwe wenyewe unakaribia mita 3,000 kwenda juu, ila siku niliyofika mimi ulikuwa umejifunika shuka, sikuuona hata kidogo. Nilichokiona ni viazi. Viazi mashambani, viazi kwenye magunia kando ya lami, viazi vya kuchemsha kwenye sahani kwa mjomba, na asubuhi yake viazi tena na chai ya tangawizi. Kila mtu kavaa gambuti na mzula, mpaka watoto.

“Ndaga, mjomba,” mjomba wangu alinipokea, akanitupia koti lake lenye harufu ya moshi. (Huko kwetu mjomba na mpwa tunaitana mjomba wote wawili, usichanganyikiwe.)

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 5 Aprili 2024. Kama wewe ni mtu wa mpira tayari umeshajua naelekea wapi. Usiku ule Yanga walikuwa Pretoria kurudiana na Mamelodi Sundowns, robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Mechi ya kwanza kwa Mkapa, Machi 30, ilikuwa 0-0. Basi nikamchukua mtoto wa mjomba, kijana wa kidato cha tatu, tukaenda kibanda umiza. Buku moja kila mtu, benchi za mbao, pumzi za watu ndiyo hita yenyewe.

Dogo ni kiungo wa timu ya shule yake. Mrefu, mkimya, anapenda jezi namba 10. Njiani nilimtania, “We ndo Aziz Ki wa Isongole?” Hakujibu. Nikadhani ni aibu tu za mtu mbele ya kaka yake wa mjini.

Mechi unaijua. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki alifumua shuti, likagonga mwamba likadundia chini. Kibanda kizima kilisimama. Wengine walishakumbatiana! Mwamuzi akapeta. Mimi hadi leo nasema ule mpira ulivuka mstari, na ukitaka tubishane njoo na chai. Dakika 90 zikaisha 0-0, zikaja penalti, Sundowns wakashinda 3-2. Aziz Ki alikuwa mmoja wa waliokosa. Hakuwa peke yake, lakini yeye ndiye aliyeangukiwa na matusi yote mle ndani.

Na mimi nilikuwamo. Nilisimama juu ya benchi, koti la mjomba mabegani, nikapaza sauti: “Mtu mzima unakosa penalti! Rudi kwenu!” Watu wakacheka, nikajisikia staa. Nilipogeuka, dogo hayupo. Nikadhani katoka kujisaidia. Nilimkuta nyumbani, kajifunika gubigubi, au alijifanya kalala.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na Fuso linapakia viazi kando ya barabara. Vibarua walikuwa wakifunga lumbesa, lile gunia linaloongezwa kichwa cha kamba mpaka linakuwa kama lina mimba. Pembeni yupo mama mmoja anauza chai na vitumbua, na hapo ndipo bunge la Isongole linapokaa. Tulikuwepo mjomba, dogo, mimi, mwalimu mstaafu mmoja, na utingo wa Fuso ambaye hata glavu alikuwa hajavua.

Utingo alianza. “Yule mchezaji wa mechi ndogo. Mechi ngumu anapotea.”

“Mechi ndogo ipi?” Mama wa chai akauliza, kijiko mkononi. “Novemba 5 mwaka jana, Simba kala tano, moja ya kwake. Hiyo ndogo? Azam, Oktoba, kawafunga matatu peke yake tukashinda 3-2. Nayo ndogo?” Nilishika mdomo. Yule mama ana kumbukumbu kuliko daftari la mkopeshaji.

“Azam ni Azam, Sundowns ni Sundowns,” utingo hakukubali. “Namba 10 ndiye dereva. Gari likipinduka, tunamuuliza dereva, hatuulizi abiria.”

Hoja haikuwa mbaya, kusema kweli. Mchezaji aliyetoka ASEC Mimosas mwaka 2022 kwa kelele zote zile, unamdai siku ya kazi kubwa. Lakini shuti la mwamba nani alipiga? Dereva huyohuyo. Sasa utamlaumu kwa penalti na kusahau kuwa ndiye aliyekaribia kumaliza shughuli mapema? Nikaanza kuchangia, nikiwa na sauti ile ile ya jana ya juu ya benchi, utingo akanikata. Akamnyoshea dogo kidole: “Muulizeni huyu Mbinguni, yeye ndo fundi wa penalti!”

Vibarua wakaangua kicheko. Ndipo nikajua. Wiki mbili nyuma, mechi ya shule na shule, dogo alipewa penalti ya mwisho akaupaisha mpira, ukaenda kudondokea kwenye shamba la viazi. Tangu siku hiyo jina lake ni Mbinguni. Barabarani Mbinguni, kisimani Mbinguni. Mazoezini alikuwa hajaenda tena, na viatu alitaka kumuuzia mwenzake.

Nilitamani ule ukungu unimeze. Jana yake usiku, yule mtoto alikaa pembeni yangu akinisikia.

Mjomba aliweka kikombe chini. Hakusema kitu. Aliyesema ni mwalimu.

“Nyie mnajua Tukuyu Stars walichukua ubingwa wa nchi mwaka 1986?” akauliza. “Banyambala! Wanaume! Simba na Yanga wapo, kombe likaja huku kwenye migomba. Sisi tulikuwa tunawazomea pia, msidhani tulikuwa malaika. Lakini ukimzomea mchezaji wa Tukuyu, umemzomea mtoto wa mtu unayemjua. Kesho mnakutana msibani, mnabeba jeneza pamoja. Kwa hiyo ulikuwa unapima maneno. Huyu wa kwenye tivii hakusikii, ndiyo maana mmezoea vibaya. Sasa mnamfanyia hivyohivyo aliyekaa hapa.”

Utingo akacheka kidogo, akaona hakuna anayemuunga mkono, akarudi kwenye magunia. Mama wa chai akampa dogo kitumbua cha bure. Ubishi ukaendelea, eti Diarra na Aziz Ki nani muhimu zaidi, lakini mimi sikuwa na hamu tena.

Jioni nilimwambia dogo anipeleke uwanjani kwao. Uwanja gani, msomaji wangu! Umeinama kama paa la nyumba. Goli la chini ukikosa, mpira unausindikiza mpaka shambani. Nilimwomba radhi pale, kwa kujikanyagakanyaga. Akasema, “Ila kaka, na wewe ulipiga kelele sana.” Basi. Nikasimama golini na raba zangu zilizokuwa nyeupe, akapiga penalti mpaka giza likaingia.

Msimu ulipoisha mwezi Mei, Aziz Ki alikuwa mfungaji bora wa ligi, mabao 21, akimzidi Feisal Salum wa Azam mwenye 19. Usiku ule simu yangu ikaingia meseji kutoka Isongole, tarakimu mbili tu: 21.

Mwaka 2025 Aziz Ki akaenda zake Wydad ya Casablanca, na mimi nikapanda tena Rungwe, safari hii na sweta. Nilimkuta dogo uwanjani na wenzake. Alipiga penalti tano, akakosa mbili. Moja ilitelemka hadi shambani, na aliyekuwa akihangaika kuitafuta kwenye viazi, huku akilalamika, ni yule yule utingo.