Ramani ya Maji ya Mjomba

Kutoka Morogoro hadi Iringa ni kilomita kama 300, na Mjomba aliijua barabara ile kwa maji yake. Madereva wengine waliihesabu kwa mizani, kwa matuta, au kwa mama ntilie. Yeye alikuwa na bomba la msikiti mmoja karibu na Doma, kisima cha shule fulani ukishatoka Mikumi, daraja la Ruaha Mbuyuni, na mwisho kijito chini ya Kitonga ambacho ukifika mwezi wa kumi unakuta mawe matupu. Aliponichukua kuwa utingo wake mwaka 1994, nikiwa na miaka 17, sikuanza kwa kufundishwa spana wala kufunga mnyororo. Nilifundishwa kujaza madumu sita ya lita 20 na kuyafunga vizuri nyuma ya gari yasipige kelele.

Gari lilikuwa Land Rover 109, lile la chasi ndefu, limechomelewa kreni ya mabomba nyuma na ngao nzito mbele. Mtaani waliliita Brekidauni tu, kama vile duniani halikuwako jingine. Injini yake ya asili, dizeli ya lita 2.25 yenye nguvu za farasi zipatazo 60, ilikufa kabla sijafika. Mahali pake Mjomba alikuwa amepachika 2H ya Toyota, silinda sita, lita nne, iliyotolewa kwenye Land Cruiser lililopinduka. Mafundi walikata walipokata, wakaisogeza rejeta mbele, wakachomelea vishikizo vipya, na siku lilipowaka wakachinja mbuzi. Nguvu ikapanda ikapita farasi 100. Rejeta ikabaki ileile. Ilikuwa nzima na haivuji, sasa nani angebadilisha kitu kizima?

Kwenye tambarare halikuwa na neno. Tulikatiza hifadhi ya Mikumi tumekokota pikapu ya mtu, twiga wanatutazama, mshale wa joto umetulia. Shida ilitungoja mbele, kwenye bonde la mibuyu. Pale hewa yenyewe ni ya moto kabla injini haijaongeza yake, halafu barabara inaanza kupanda Kitonga, kona juu ya kona, mwamba upande huu na korongo upande ule. Ukiwa na Canter mgongoni unapanda kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayewahi msiba. Kwanza ilikuja harufu ya mpira wa moto. Kisha mvuke pembeni mwa boneti. Hapo mimi nilikuwa nimesharuka chini na kigingi mkononi, nikakitupia nyuma ya gurudumu kabla Mjomba hajaachia breki. Tunakaa nusu saa. Tunaongeza maji. Tunaondoka. Kupanda Kitonga mara moja kulikula vituo vinne, na matingo wa malori waliotupita hawakuchoka kutupigia kelele, "Brekidauni nayo inataka brekidauni!"

Kila gereji ilikuwa na dawa yake. Wa kwanza alitoa themostati akaitupa, akasema ni kitu cha nchi za baridi. Niliamini hivyo kwa miaka. Kumbe injini nyingi za namna hii zina njia fupi inayorudisha maji ndani bila kuyapitisha kwenye rejeta. Themostati ikifunguka huachia njia ya rejeta na wakati huohuo huibana ile fupi. Ukiitoa, zote mbili zinabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi ilikotoka kama ilivyotoka. Wa pili aliona mfuniko wa rejeta unavuja, akatuwekea mwingine usio na springi. Wa tatu alisema gari halina nguvu, ndiyo maana linahangaika. Akafungulia pampu ya dizeli. Kwa kweli likapata nguvu, na moshi mweusi juu yake.

Dawa ya nne ilikuwa ya Mjomba mwenyewe, na hii peke yake ndiyo iliyosaidia kidogo: hita. Alikuwa ameifunga hita ya gari bovu chini ya dashibodi, na tukianza kupanda anaiwasha yote, iibe joto kwenye maji ilete kwetu. Siku moja tulimbeba bwana mmoja wa suti ambaye gari lake lilimfia Ruaha Mbuyuni saa saba mchana. Tulipoanza mlima Mjomba akafungua hita. Yule bwana alinitazama, akamtazama Mjomba, akalegeza tai. Kwenye kona ya tatu alivua koti. Hakuuliza kitu mpaka Iringa, na nadhani hadi leo anaamini tuna wazimu.

Nina kovu kwenye mkono wa kulia, kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo. Ni la mwaka 1996. Nilikuwa na haraka, nikazungusha mfuniko wa rejeta kwa tambara kabla haijatulia. Maji yaliyobanwa hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukiyafungulia ghafla yanageuka mvuke hapohapo usoni pako. Mkono uliwahi kuukinga uso. Mjomba alinimwagia dumu zima la maji ya baridi, na kwa mara ya kwanza nikamwona analia.

Mwaka 1998 gasketi ya silinda hedi ikaungua. Oili ikawa rangi ya chai ya maziwa. Tukashusha hedi, ikapelekwa mashineni kunyooshwa, ikafungwa. Baada ya miezi minane ikaungua tena. Mara hii Mjomba alikaa kwenye tairi bovu nje ya gereji akasema atauza kila kitu alime vitunguu.

Aliyemzuia ni mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa injini za treni TAZARA. Alikuja gereji kutafuta mkanda wa mashine yake ya kusaga, akatukuta tumeizunguka hedi kama wafiwa. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama. Alikuwa anatazama pua ya gari.

"Kijana," alimwambia Mjomba, ambaye alikuwa na miaka hamsini na ushee, "upepo unaingilia wapi hapa?"

Mjomba akamwonyesha mbele.

"Na unatokea wapi?"

Hapo hakuna aliyejibu.

Mzee akaeleza kwa sauti ya mtu aliyewahi kueleza jambo hilo mara nyingi. Dizeli unayoichoma, karibu theluthi ndiyo inayofanya kazi. Theluthi nyingine inatokea kwenye ekzosi. Sehemu kubwa ya inayobaki lazima maji yaibebe, na maji hayana pa kuipeleka isipokuwa kwenye upepo. Umeongeza injini, umeongeza mzigo, umeongeza joto. Upepo umeongeza kiasi gani? Gari dogo linalokimbia linajipulizia lenyewe. "Treni likivuta mlima linazidiwa na baiskeli," alisema. "Nani atalipulizia? Ni feni tu. Na wewe mlimani ni treni."

Kwanza akataka geji. Alifungua kitambuzi cha joto, akakifunga waya mrefu na mwingine wa ethi, akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa. Maji yalipochemka, ambayo kwa Morogoro ni karibu nyuzi 98, tukautazama mshale. Ulikuwa umesimama katikati kabisa. Kitambuzi kilikuwa cha Toyota, geji ya Land Rover, na havikuwahi kuongea lugha moja. Kwa miaka mitano nilipokuwa namwambia Mjomba "katikati, uko sawa," nilikuwa namwambia maji yanachemka. Mzee akaomba rangi ya kucha kwa binti wa duka la pembeni, akapiga mstari mwekundu juu ya kioo, kabla kidogo ya pale mshale ulipokuwa.

Kisha akaomba gazeti. Tulifunga gasketi mpya kesho yake, tukawasha, akalifungua gazeti mbele ya rejeta akaliachia. Nilitegemea lote litaganda. Liligandia sehemu moja tu, duara kama sinia, chini upande wa kushoto. Pembe nyingine zilicheza hewani, na ile ya juu kulia ilikuwa inasukumwa nje. Injini ilikaa chini na pembeni kuliko ya zamani, kwa hiyo feni haikuitazama rejeta katikati. Haikuwa na kava, hivyo ilinyonya hewa ya pembeni, iliyokwisha kupikwa na injini. Na kwenye nafasi ya juu hewa ya moto ilikuwa inarudi mbele ili inyonywe tena. Robo tatu ya rejeta tuliyokuwa tukiimwagia maji ya mto kwa miaka yote ilikuwa ukuta tu.

Leo nina gari langu la kubebea magari, lile la kitanda cha kushuka, lenye feni inayojiamulia yenyewe kasi na kompyuta inayopiga kelele kabla hujafikiri. Vijana wangu wanasoma nyuzi kwenye simu. Bado gari lolote likiletwa kwangu linachemsha, naulizia gazeti kwanza. Wananicheka, halafu wanalitafuta.

Siku ile ya gazeti nilidhani mzee angetutuma kununua rejeta. Alikataa. "Kwanza upepo. Rejeta baadaye." Tukakata pipa la mafuta, tukalikunja likawa kava ya feni, boksi upande wa rejeta na duara upande wa feni. Alituamuru tuilete feni mpaka nusu ya upana wa mapanga yake iwe ndani ya duara na nusu nje. Ikizama yote inapiga hewa bure, ikitoka yote inanyonya pembeni. Tuliinua vishikizo vya injini mara mbili kabla hajaridhika. Mianya yote kuizunguka rejeta tukaiziba kwa mpira wa tyubu za zamani.

Vita ilikuja kwenye ngao. Mjomba alikuwa ameifungia taa kubwa nne mbele kabisa, na katikati yake kibao cha chuma chenye jina la gari. Vyote vilisimama wazi mbele ya rejeta. Pesa za gasketi mbili alizitoa bila kugomba, lakini taa zile alizitetea siku mbili. Nilimwelewa. Usiku, barabarani, watu waliokwama walizijua taa zile kutoka mbali. Zilikuwa ndio uso wake. Mwishowe zikapandishwa juu ya paa, kibao kikapigiliwa mlangoni, na Mjomba akapita siku nzima haitazami pua ya gari lake.

Safari ya kwanza baada ya hapo tulisimama Kitonga mara moja badala ya nne. Mzee hakushangilia. Alitutuma kwa fundi wa pampu, ikafungwa, moshi mweusi ukaisha, na nguvu kidogo ikaenda nao. Tukarudisha themostati. Tukatafuta mfuniko wenye springi. Ule wa shinikizo la kawaida hupandisha kiwango cha kuchemka hadi juu ya nyuzi 115 ukiwa pwani, na Iringa, mita zaidi ya 1,500 juu ya bahari ambako sufuria iliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 95, ndiko unakohitajika zaidi. Maji ya mto yakapigwa marufuku. Tulipoifumua rejeta ya zamani mirija yake ilikuwa imejaa magamba meupe, zawadi za visima vyote kwenye ramani ya Mjomba. Ndipo, mwisho kabisa, tukanunua rejeta nyingine, ya lori dogo, pana zaidi na yenye safu moja zaidi ya mirija, na kwa sababu kava ilikuwa ya bati tuliikunja upya kwa nusu siku.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1999. Tulikuwa na Canter tupu nyuma, saa nane mchana, bonde linawaka. Pale tulipokuwa tukifungua hita, Mjomba aliugusa mkono wa hita kisha akauacha. Kona ya kwanza. Ya tatu. Mahali petu pa kigingi nilishika mlango kwa mazoea, na gari likapita. Mshale ulipanda, ukasogelea rangi ya kucha, ukakaa nyuma yake upana wa kidole. Hatukusemeshana. Tulipita lori moja lililosimama, boneti wazi, na utingo wake akatutazama tu.

Juu kabisa Mjomba alisimama pembeni akaniambia niteremshe madumu. Nilidhani ameona linavuja. Akavua viatu, akakaa kwenye bampa la Canter, akanawa miguu. Taratibu, dumu zima, kidole kwa kidole. La pili alimpa mama aliyekuwa akichoma mahindi. Nikanyanyua la tatu nimletee, akatikisa kichwa, akaniambia niyarudishe yale manne na niyafunge vizuri, yasipige kelele.