Mashine ya ndevu: angalia ngozi yako kwanza, kisha mfuko wako

Ndugu msomaji, hebu pitisha mkono chini ya kidevu chako. Kama ni laini, shukuru. Kama unakuta vipele vigumu, vyeusi, vinavyowasha kila baada ya kunyoa, basi tuongee. Na wewe mama, usigeuze ukurasa. Wewe ndiye unayefua foronya yenye matone ya damu, na mara nyingi makuta ya kununua mashine yanatoka kwenye biashara yako ya ndagala.

Mwaka jana mpwa wangu alitoka machimboni Misisi, akapanda mashua Baraka, akafika kwetu Kalundu ili tumpeleke kwa wakwe. Shingo yote ilikuwa vipele, vingine vina usaha. Tulipokelewa vizuri, tukala, tukacheka. Lakini tulipokuwa tunaaga, shangazi mmoja wa binti alimvuta mke wangu pembeni: «Mama, huyu mtoto ako muzima kweli?» Wewe unaelewa alitaka kusema nini. Kijana wa machimbo, mwili una vipele, watu wanamaliza hesabu wao wenyewe. Mazungumzo ya mahari yakasimama.

Muuguzi aliyemwangalia hakuchukua dakika kumi. Alimwambia: «Hizi ni ndevu zako tu, zinarudia ndani.» Ndevu za wengi wetu Waafrika zimejikunja. Ukizikata karibu sana, hasa ukivuta ngozi kwa vidole, unywele unabaki chini kidogo ya ngozi na ncha kali. Ukianza kuota tena unajipinda, unachoma ngozi na kuingia ndani. Mwili unauona kama mwiba, unavimba kuuzunguka. Ndicho kipele hicho. Ukinyoa tena juu yake unakata kipele, uchafu unaingia, na kwa wengine linabaki kovu nene lisiloondoka.

Kule kambini walikuwa wamenunua mashine moja ya umeme, watu watano wa kibanda kimoja, ya kunyoa mpaka ngozi ing’ae. Waliichagua juu ya picha ya karatoni: mzungu mwenye kidevu laini kama yai. Picha ile haikuongea na ndevu zao.

Tujue basi kuna mashine za namna gani. Ya kwanza ina chuma chembamba chenye matundu madogo, na visu vinakimbia chini yake. Ya pili ina vichwa vya mviringo vinavyozunguka. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilitoa ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1939. Hizo mbili zimetengenezwa ili zinyoe karibu kabisa. Ya tatu ni ile ya meno kama ya kinyozi, ambayo wengi wetu tunaiita tondezi. Inakata ndevu lakini inaacha kiasi kidogo juu ya ngozi. Kwa mtu mwenye vipele, hiyo ya tatu ndiyo inayofaa, na kwa bahati nzuri mara nyingi ndiyo ya bei ndogo. Sikuambii hivyo kwa kubana makuta tu. Hata ungekuwa na dola mia, kwa ndevu zilizojikunja ningekuambia uanze na hiyo.

(Kwa vijana wanaopenda kujua: mashine ya kunyoa kwa umeme tunaihusisha na Jacob Schick, mwanajeshi wa Marekani aliyekwenda kutafuta zahabu katika nchi za baridi kali. Inasimuliwa kwamba aliumia mguu huko, na taabu ya kunyoa kwa maji ya barafu ikampa mawazo. Alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1930, na mwaka 1931 mashine ikaanza kuuzwa New York kwa dola 25. Mchimbaji wa zahabu, basi, sawa na nyinyi.)

Tulikwenda kuinunua pamoja. Hapa kwetu vitu vinaingia kwa maboti ya Kigoma na Mpulungu, na kwa barabara ya Kavimvira mpaka unapokuwa wazi. Kila muuzaji atakuambia: «Papa, hii inatoka Dubai, ni orijino.» Usibishane naye. Soma jina pole pole, herufi kwa herufi, maana kuna majina makubwa ambayo herufi moja imebadilishwa. Kisha mwombe aiwashe. Ishike mkononi: ikitetemeka kama pikipiki mbovu, au sauti ikipanda na kushuka, iache. Pitisha kwenye nywele za mkono wako; ikivuta nywele badala ya kukata, iache pia. Angalia kama kichwa kinatoka ili kisafishwe, na kama kuna vile vitana vya plastiki vya kupimia urefu. Kitana namba 1 kwa kawaida kinaacha milimita 3. Nusu yake ni milimita 1 na nusu. Bila vitana, muuzaji apunguze bei au uende duka la pili.

Halafu umeme. Wa kwetu ni volti 220, ule unapokuwepo. Soma maandishi madogo ya chaja: ikiandikwa 100–240, haina shida. Ikiandikwa 110 au 120 tu, imetengenezwa kwa Marekani, na kwetu itaungua. Mimi napenda zile zinazochajiwa kwa waya wa simu, kwa sababu hata sola ndogo au nyumba ya kuchajia simu inatosha. Ile isiyo na betri, inayofanya kazi ikiwa imechomekwa tu, itakuangusha siku ya harusi, nusu ya kidevu imenyolewa na nusu bado.

Tuliilipa dola 8. Ni nyingi? Mpwa wangu alikuwa analipa kinyozi franka 1,000 kila juma, maana yake franka 52,000 kwa mwaka. Fanya hesabu mwenyewe.

Lakini kuna hesabu nyingine niliyomwambia tukiwa njiani, na hakuipenda: mashine hii ni ya mtu mmoja. Wale watano wa kibanda walikuwa wanapokezana chuma chenye damu. Kirusi cha ugonjwa wa ini, hepatitisi B, kinaweza kukaa nje ya mwili siku saba na bado kikaambukiza, hata kama damu imekauka na huioni. Aliniambia: «Mjomba, wataniita mchoyo.» Nikamjibu waite. Rafiki akitaka kunyoa, anunue yake, au wachangiane waanze na mmoja, kisha mwingine, kama likelemba.

Muuguzi alimkataza kunyoa kabisa majuma manne, na kuchokoa vipele kwa sindano au kucha. Alikaa na ndevu kama mzee wa kijiji, wadogo zake wakamcheka. Baadaye akaanza kupunguza kwa kitana, akifuata ndevu zinakoelekea, bila kuvuta ngozi, mara mbili kwa juma. Madoa bado yako, yanafifia polepole. Alipima damu pia, kwa sababu wakwe waliomba na kwa sababu ya ile mashine ya watu watano. Karatasi yenye majibu mazuri aliipeleka yeye mwenyewe kwa yule shangazi. Mahari tuliimaliza mwezi wa nane.

Kwa nyinyi mlioko mbali kabisa na umeme na hata sola hamna: iko bado tondezi ya mkono, ile ya chuma inayobanwa kwa vidole kama koleo. Haihitaji betri. Ikaushe vizuri baada ya kuosha, itie tone la mafuta ya cherehani, na muulize mzee yeyote aliyekuwa kinyozi zamani akuonyeshe namna ya kuishika, kwa sababu ukiifungua haraka itakung’oa ndevu.