Jioni ya Sahani Ndogo Ndogo huko Konza

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi kwa barabara huifikia Konza akiwa amekwisha kuchoka. Ameipita Voi, ameipita Mtito Andei na Emali. Zimesalia kilomita 60 hivi, na dereva hataki tena kusikia habari ya kusimama. Ndiyo maana wengi wetu wa pwani tunaijua Konza kwa kupitia kioo cha gari tu: uwanda mpana wa nyasi, upepo, na vilima kwa mbali. Hata chakula huliwa humo humo garini, mahamri yaliyopoa, chupa ya chai ikipita juu ya magoti ya watu.

Konza haikustahili kupitwa hivyo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikatiza uwanda huu kabla ya kufika Nairobi mwaka 1899. Baadaye Konza ikawa njia panda, kwani hapo ndipo ilipochepukia reli ya kwenda Ziwa Magadi, ziwa ambalo jina lake ni lile lile la magadi yatiwayo katika kunde ili zilainike. Na ukirudi nyuma kidogo upande wa pwani, upo mji uitwao Sultan Hamud, kwa jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed aliyetawala Unguja tangu 1896 hadi 1902. Jina la pwani, basi, lilitangulia kufika huko kabla ya wana wetu.

Nasema wana wetu kwa sababu Januari 2013 Rais Mwai Kibaki aliuzindua ujenzi wa mji wa teknolojia katika ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili, na vijana wakaanza kuvutika. Mmoja wao ni mpwa wangu. Mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa, alimpa ruhusa ya mwaka mmoja. Wa pili ulipokaribia kwisha tulifunga safari kwenda kumwangalia, na hapana aliyekuwamo garini ambaye hakujua kwamba dada alikusudia kurudi naye.

Kijana alitupokea akatupeleka kula nje, katika ua wa mkahawa wa kando ya barabara, chini ya mgunga. Tulikuwa tumeswali Magharibi. Huko ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na jua likizama baridi hushuka ghafla. Dada alijifunika leso mbili na bado akalalamika. Swali lake la kwanza halikuwa la chakula bali la mchinjaji. Mwenye mkahawa, mama wa Kikamba mwenye subira, hakuona vibaya kuulizwa. Katika machinjio mengi ya Kenya ni desturi ya siku nyingi kumweka mchinjaji Mwislamu, naye akatueleza nyama yake hutoka wapi na mkono wa nani. Mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, aliuweka kwenye jiko jingine kabla hatujamwomba.

Kisha vyakula vikaja kimoja kimoja, bila haraka. Kwanza ubao wa nyama ya mbuzi iliyochomwa, imekatwa vipande vidogo, na chungu ya chumvi pembeni. Halafu kachumbari. Halafu muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa pamoja na kunde. Baada ya kitambo, bakuli la mbaazi. Kila mtu alidokoa, akasema neno, akadokoa tena.

Wahispania wana jina la mlo wa namna hiyo: tapas, neno ambalo asili yake ni kifuniko. Jioni hukaa nje wakala zeituni, samaki, jibini na biringani katika visahani vidogo, mazungumzo yakiwa ndiyo chakula kikubwa. Mvinyo na nyama ya nguruwe wanavyoandamanisha navyo tunawaachia wenyewe. Lakini sikiliza majina: zeituni kwao ni aceituna, biringani ni berenjena, sukari ni azúcar. Maneno hayo waliyapata kwa Kiarabu cha Andalusi, nchi ambayo Waislamu waliingia mwaka 711 na ambayo mji wake wa mwisho mikononi mwao, Granada, uliangukia mwaka 1492. Na sisi tutembeao jioni barabara ya Mama Ngina kwa viazi vya karai na mihogo, au Forodhani ya Unguja kwa mishkaki, tutaona ni ugeni gani hapo? Tofauti ni kwamba sisi tukisafiri tunaiacha desturi hiyo nyumbani na kukimbilia kufika.

Chakula cha haraka kingalimaliza jambo letu vibaya. Dada angalisema alilokuja kusema, kijana angalinyamaza kwa adabu, na tungaliondoka. Badala yake, kati ya ubao na bakuli, alipata nafasi ya kuuliza kazi yenyewe ni nini, na kijana akapata nafasi ya kueleza mara tatu. Alimwonyesha taa za majengo mapya ng'ambo ya uwanda. Alimwambia huswali na nani na Ijumaa huenda wapi.

“Na hukuchoka na upweke, mwanangu?”

“Huchoka, Mama. Lakini sijachoka na kazi.”

Dada hakujibu. Alivuta bakuli la mbaazi, akaonja. Wengi hawajui kwamba Ukambani ni shamba kubwa la mbaazi. Huzila wao bila nazi, kwa kitunguu na nyanya tu.

“Hizi zataka tui,” akasema.

“Mbaazi zimejaa tele huku,” kijana akajibu. “Nazi ndiyo shida.”

Asubuhi yake dada alinituma niwaulize wenye malori yachukuayo nazi Nairobi kama yuko mmoja akubaliye kusimama Konza.