Mkomani, Penye Tui na Manjano

Ukishuka gatini Lamu ukashika mkono wa kulia, nyumba huzidi kurefuka na vichochoro huzidi kubana. Hapo ndipo Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale ambao UNESCO iliutia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari hubebwa na boriti za mikoko, na njia hazipitishi gari. Mwenye shughuli huenda kwa miguu, akimpisha punda.

Wageni wengi huja kutazama milango ya nakshi. Mimi nawasihi wapite saa tano mchana, nazi zinapokunwa na thomu inapotwangwa kinuni. Harufu itokayo madirishani wakati huo ni fahari ya mtaa huu sawa na nakshi zake.

Tazama samaki wa kupaka. Huchanjwa, akasingwa kwa thomu, tangawizi, ndimu na pilipili, akawekwa juu ya makaa. Pembeni tui zito linachemka na manjano hadi lishikane. Samaki hupakwa, hugeuzwa, hupakwa tena, mpaka rangi ikolee. Sijaonja mapishi yanayomstahi samaki kuliko haya.

Na ubongo nao una fungu lake. Manjano yana kurkumini, takriban asilimia 3 ya uzito wake, ambayo watafiti wameichunguza sana kwa sababu hupunguza uvimbe mwilini. Taabu yake ni kwamba haiyeyuki vizuri katika maji, na kidogo kinachoingia mwilini ini hukitoa upesi. Huyeyuka katika mafuta, na tui ni mafuta. Pilipili manga nayo ina piperini: mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, na kiasi kilichoingia katika damu kikaongezeka mara 20. Wapishi wa pwani walikwisha kuviweka viungo hivi chungu kimoja karne nyingi nyuma, kwa kufuata ulimi tu.

Lakini tusitie chumvi. Mwaka 2018, huko Los Angeles, watu 40 wa miaka 50 hadi 90 walifuatiliwa kwa miezi 18, na waliopewa kurkumini iliyotengenezwa maalumu walikumbuka mambo vizuri zaidi. Hao ni wachache, na jaribio la awali kwa wagonjwa wa Alzheimer halikuonyesha faida. Zafarani, ambayo hapa hutiwa katika biriani na halwa, ilijaribiwa Iran kwa wagonjwa 54: miligramu 30 kwa siku, kwa wiki 22, zilikaribiana na dawa ya donepezili. Hata hivyo asile mtu halwa kwa kisingizio hicho, maana sukari nyingi huleta kisukari, na kisukari huudhuru ubongo.

Faida ninayoiamini zaidi ni nyepesi kueleza. Shinikizo la damu ni adui wa ubongo anayejulikana, na chumvi humpa nguvu. Chungu chenye tangawizi, bizari, ndimu na iliki hakihitaji chumvi nyingi ili kinoge. Ongeza samaki, ongeza mwendo wa miguu, kisha jioni ukae barazani watu wakinywa kahawa chungu yenye tangawizi, wakicheza bao na kupashana habari. Katika visiwa hivi utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, umepita vinywani mwa wanawake waliouhifadhi kwa moyo. Akili ya mzee hapa haiachwi ikalala.

Ukitaka kupika hivi kwako, nunua manjano mabichi uyatwange mwenyewe. Bangladesh, mwaka 2019, watafiti walieleza jinsi manjano yalivyotiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, na risasi ni sumu ya ubongo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asimeze vidonge vya kurkumini kabla ya kumuuliza daktari.

Ama ukialikwa chakula cha mchana Mkomani, itika. Nawa mikono, keti mkekani, ule na wenyeji katika sinia moja.