Jembe la Msikitini

Sisi watu wa miji midogo tuna sifa moja tunayojivunia mbele ya watu wa miji mikubwa: kwetu maiti hakosi wa kumzika. Mimi nimezaliwa Pangani, mji mdogo ulioko katika mdomo wa mto wa jina hilo, mkoani Tanga, na tangu utoto wangu niliiamini sifa hiyo bila ya shaka. Leo nataka kuwasimulia siku niliyoiona ikitetereka, na fungu langu katika kutetereka huko. Kwani nadhani yaliyotupata sisi yamewapata wengi.

Nyuma ya msikiti wa mtaa wetu palikuwa na kibanda. Ndani yake mlikuwa na jeneza, kitanda cha kuoshea maiti, majembe mawili, sepetu, mtaimbo, na mbao za kufunikia mwanandani. Ufunguo ulikaa kwa mzee mmoja seremala, na pamoja naye walikuwako watu kama kumi, wavuvi na wakulima na muuza kahawa mmoja. Hawakuwa na mwenyekiti wala daftari. Akifa mtu, tajiri au maskini, wao walikuwa makaburini kabla jua halijapanda. Sharti lao lilikuwa moja tu: hapana aonjaye chakula cha msiba mpaka kaburi limekwisha kufukiwa. Kwa upande wa wanawake, mama yangu alikuwa mmoja wa walioosha wenzao. Hata leo nikisikia harufu ya karafuu maiti huikumbuka kanga yake.

Watu hao hao ndio waliotangulia katika msaragambo, kama tuitavyo kwetu kazi ya pamoja. Masika yakikaribia walizibua mitaro, na kisima kikifukiwa na mchanga walikizoa. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 neno la kujitolea lilienea nchini kote, watu wakajenga madarasa na zahanati kwa mikono yao. Wazee wetu walicheka kwa furaha, kwa kuwa jambo lililohubiriwa ndilo walilokuwa wakilifanya.

Nilipokuwa mtu mzima nilikwenda Dar es Salaam kutafuta riziki. Huku nyuma mtaa ukaunda chama cha kuzikana, chenye daftari na mweka hazina, na hilo lilikuwa jambo jema, maana sanda na mbao hazipatikani bure. Kila mwezi nilipeleka mchango wangu. Jina langu lilisomwa mikutanoni, nikasifiwa, nami nikaridhika na nafsi yangu. Sikujiuliza hata siku moja ni nani ashikaye jembe.

Mwaka mmoja nilikwenda nyumbani kupumzika. Usiku wa pili akafariki mkwezi wa minazi, mgeni asiye na jamaa hapo mjini, aliyepanga chumba jirani na msikiti. Baada ya sala ya alfajiri imamu akatangaza. Nilitazamia kuuona mji ukimiminika kama zamani. Waliokuja makaburini walikuwa wazee watatu, na yule seremala, ambaye mgongo wake sasa umepinda, alikuwa mmoja wao. Pembeni walisimama vijana sita au saba, na mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Posho ni kiasi gani?"

Nilikasirika. Lakini tazameni nilichokifanya: nikatia mkono mfukoni, nikatoa noti, nikamwambia mzee awape wachimbe upesi. Mzee aliitazama noti ile, hakuipokea.

Akasema, "Mwanangu, fedha yako tumeipata mwaka mzima, Mwenyezi Mungu akulipe. Leo twataka mkono wako."

Nikavua kanzu nikashika jembe. Kabla ya robo saa viganja vyangu vilitoka malengelenge. Kaburi lilipokwisha, mzee akaniambia nishuke nimpokee maiti, kisha akaniuliza, "Kichwa kielekee wapi?" Sikujua. Mimi niliyekhitimu Kur'ani, baba wa watoto wanne, nimesimama ndani ya kaburi la Mwislamu mwenzangu, wala sijui kumlaza. Mzee akanifundisha kwa upole: Kibla kwetu ni kaskazini, basi kichwa huwa mashariki, na maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia. Nilipoinua macho nilimwona kijana yule aliyeuliza posho amekwisha kushuka upande wa pili, akinyosha mikono. Hapana aliyemwita.

Jioni nikamwuliza kwa nini hakuja tangu mwanzo. Akanijibu, "Hatujapata kuitwa, baba. Wazee walikuwa wakitufukuza makaburini wakisema sisi watoto. Tulipokuwa wakubwa, tukaona wanaochimba hulipwa na chama."

Jawabu hilo lilinichoma kuliko malengelenge. Sheria haimkatazi mchimbaji kupokea ujira, wala sisemi kwamba fedha haina kazi. Lakini tunafundishwa kwamba kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni fardhi kifaya: wakisimama baadhi yetu, wote tumesalimika, tukikaa wote, sote tuna dhambi. Nusu ya kwanza ya hukumu hiyo twaipenda mno, na nusu ya pili twaisahau. Kila mmoja humtegea mwenzake, mpaka siku moja wategemewa wamebaki wazee watatu.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hakuwaachia wengine jembe. Katika vita vya Khandaki, mwaka wa 5 wa Hijra, alichimba handaki pamoja na masahaba wake, akachukua udongo. Na Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyekuwa akiufagia msikiti, akafa, wakamzika bila ya kumwarifu Mtume kwa kumwona si mtu wa maana. Alipojua aliwalaumu, akaenda mpaka kaburini akamsalia. Basi tujiulize, yule mkwezi wetu alikuwa si mtu wa maana kwa nani?

Kabla sijarudi tulikubaliana kwamba kila Alhamisi baada ya Magharibi seremala awafundishe vijana, na mama mmoja awafundishe wasichana nyumbani kwake. Walianza kumi na wawili. Baadhi wamekwisha kuhamia mijini, kama nilivyohama mimi, wala siwalaumu, kwani elimu hiyo wanayo huko waliko. Mzee alipofariki, ufunguo wa kibanda ulikuwa kwa yule kijana, na yeye ndiye aliyemshika kichwa alipokuwa akioshwa. Safari hiyo niliuliza mimi mwenyewe, kabla ya kuombwa, jembe liko wapi.

Enyi wazazi, msiwafukuze watoto wenu penye kazi za heri kisha mkawalaumu kwamba hawazijui. Nanyi vijana, msingoje kuitwa. Nasi tulio mbali, tupeleke michango yetu, na tufikapo nyumbani tupeleke na mikono. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.